Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tabora: shingo iliyopinda si jini

Ndugu Mganga Mkuu,

Kwa heshima tunakuandikia kuhusu wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, hasa wiki yao ya kwanza ya matibabu. Unyanyapaa mwingi tunaopambana nao mkoani hupata nguvu hapo.

Kijana wa miaka ishirini anaanza kusikia sauti, halali, anakataa chakula akidai kimetiwa sumu. Ndugu wanahangaika naye kwa waganga wa kienyeji, mwisho wanamleta hospitali. Anaanzishiwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa huu. Siku ya pili au ya tatu shingo inapinda, taya zinakaza, macho yanageuka juu. Mtaa mzima unashuhudia. Nani atawalaumu wakisema jini limepanda? Dawa zinatupwa, kijana anarudishwa nyumbani kufungwa kamba, na kuanzia hapo kila jirani anayeshauriwa kwenda hospitali anao mfano wa kukataa nao.

Hii ni athari ya dawa inayojulikana vizuri, na huwapata zaidi vijana wa kiume. Sindano ya prometazini huilegeza, mara nyingi ndani ya nusu saa. Benzheksoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane, husaidia isijirudie. Lakini vipo vituo ambavyo haloperidoli imejaa kabatini na benzheksoli imekwisha. Tunaomba dawa hizi ziagizwe kwa pamoja kutoka Bohari ya Dawa, na ndugu asiondoke dirishani kabla ya kuambiwa: shingo ikipinda, mrudisheni hapa hapa, hata usiku.

Ipo athari nyingine inayodanganya zaidi. Mgonjwa anaketi, anasimama, anazunguka uani usiku kucha, miguu haitulii. Watu husema uchizi umezidi, na mhudumu asiyeijua huongeza dozi, akamzidishia mateso. Aulizwe mwenyewe. Akisema ni mwili unaomsukuma kutembea, dozi ipunguzwe, au apewe propranololi kama hana pumu. Benzheksoli hapa haifui dafu.

Halafu sindano ya mwezi. Dawa iliyomo, flufenazini, hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo aliyekosa kliniki haugui kesho yake. Anaonekana mzima, analima tumbaku kama wenzake, na nyumbani wanasema amepona. Ugonjwa ukirudi miezi baadaye, hakuna anayekumbuka sindano iliyorukwa, anatafutwa mchawi. Daftari la kliniki liandikwe tarehe ya kurudi na namba ya simu ya ndugu, na asiyefika ndani ya siku saba apigiwe. Kwa vijiji vya Kaliua na Sikonge, sindano zifikishwe zahanati kabla masika haijaharibu barabara.

Wengi wa wagonjwa hawa hawapigi mtu. Wao ndio wanaopigwa, wanaoibiwa, na wanaofungwa kamba mpaka vifundo vya mikono vinaoza. Ndiyo maana inauma kusikia mhudumu akiita "machizi wasogee" kwenye foleni, mbele ya ndugu zao. Kulikomesha hilo kwahitaji agizo lako tu, si bajeti.

Tuko tayari kuwaelekeza wahudumu wa zahanati na wa ngazi ya jamii. Tupatie nafasi katika kikao chako kijacho na waganga wakuu wa wilaya.

Wauguzi wa afya ya akili na ndugu wa wagonjwa,
Tabora