Taarifa ya Mwenyekiti kwa Washirika, Mwaka 2020

Wapendwa washirika, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya baraza la wazee nawaletea taarifa ya mwaka 2020. Mapato na matumizi yamo katika taarifa ya mhazini, na ukarabati tuliokuwa tumeupanga umesogezwa mbele. Nafasi yote iliyobaki naitumia kwa jambo moja: jinsi tulivyoendelea kuwa kanisa wakati hatukuweza kukaa pamoja kwenye viti vyetu.

Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima, na haikupita muda ibada za pamoja zikasitishwa. Baadhi yenu mlituuliza kwa uchungu kama tumepungukiwa imani. Swali hilo linastahili jibu. Jioni ya tarehe 10 Machi, siku moja tu kabla ya tangazo lile, kwaya moja katika jimbo la Washington huko Marekani ilifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu. Walikuwa watu 61. Waliothibitika kuugua pamoja na waliodhaniwa kuugua walifika 53, na wawili wakafariki. Hawakuwa wazembe, kwani walitakasa mikono na wakaacha kukumbatiana. Lakini anayeimba huvuta pumzi ndefu na kuitoa kwa nguvu, na hewa ya chumba ni ya wote. Baraza lilipopima hayo liliona kwamba kumpenda jirani, kwa majira yale, ni kukaa naye mbali.

Tukaanza na ibada ya mtandaoni, kama makanisa mengi. Nawashukuru vijana waliolibeba jukumu hilo bila kulipwa. Akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano wa kikundi baada ya dakika 40, kwa hiyo Mchungaji alijifunza kufupisha mahubiri, na wapo waliotamani desturi hiyo isikome. Kuimba ndiko kulikotushinda mwanzoni. Ndani ya kanisa, watu wawili walio mita kumi mbali husikiana kwa kuchelewa sehemu ndogo sana ya sekunde, sikio halitambui. Kwenye mtandao ucheleweshaji huwa mara kadhaa ya huo, na hautabiriki. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, wimbo unaburuta, mwisho unavunjika. Tukakubaliana kwamba mmoja tu ndiye asikike, wengine wote wazime vipaza sauti na kuimba kila mtu nyumbani kwake. Si sawa na kuimba pamoja, na sitaki kudai kwamba ni sawa. Hata hivyo, nyumba ambazo hazikuwahi kusikia wimbo wa ibada katikati ya wiki sasa zinausikia, maana watoto wameshazoea.

Lakini nikiulizwa ni nini hasa kilichotushika pamoja, sitataja ibada ya mtandaoni. Nitataja simu ya kawaida. Baraza liligawa orodha yote ya washirika, kila mzee wa kanisa na kila shemasi akapewa familia chache za kupigia kila wiki. Masharti yalikuwa machache. Mpigie, usimwandikie. Mwite kwa jina. Uliza habari zake kabla ya kutoa tangazo lolote. Ombeni pamoja kabla ya kukata. Kanisa kubwa lingehitaji mitambo na wafanyakazi kwa kazi hii. Sisi tunafahamiana wote, na huo ndio utajiri ambao kanisa dogo huusahau kwa kutamani vya wakubwa. Ujumbe wa kikundi cha WhatsApp unasomwa na wengi, lakini aliyekata tamaa anaweza kunyamaza humo kwa miezi na hakuna atakayegundua. Kwenye simu, kimya chake kinasikika.

Ndivyo tulivyowagundua waliokosa bando, waliopoteza kazi, na wawili watatu waliokuwa wakiugua bila kumwambia mtu. Mfuko wa huduma ulielekezwa huko kwanza, na waliosaidiwa hawatatajwa hapa wala penginepo.

Naomba mnivumilie nieleze jambo moja kwa kirefu. Tunaye mama mzee asiye na simu ya kisasa, na macho yake hayamruhusu kusoma ujumbe. Shemasi wake alikuwa akifungua ibada kwenye simu yake mwenyewe, anampigia mama kwa simu ya pili, kisha anazilaza simu zote mbili juu ya mto, kipaza sauti cha moja kikielekea spika ya nyingine. Mto ulikuwa wa lazima, maana juu ya meza sauti ilikuwa ikinguruma. Mama alisikiliza ibada nzima hivyo, Jumapili baada ya Jumapili, na mwisho wa sala tukawa tunamsikia akiitikia "Amina" nyuma kidogo ya wengine. Hakuna aliyemwagiza shemasi huyo afanye vile.

Kabla yetu wengine walipitia haya. Wakati wa homa kuu ya mwaka 1918 makanisa katika miji mingi ya Marekani yalifungwa, na magazeti ya baadhi ya miji yakachapisha mahubiri ili watu wayasome majumbani. Tarehe 2 Januari 1921 kituo cha redio cha KDKA cha Pittsburgh kikarusha ibada kutoka kanisani, na wagonjwa wasiotoka kitandani wakaanza kuhesabiwa miongoni mwa waabuduo. Na tangu zamani zaidi, Paulo aliliandikia kanisa la Filipi akiwa kifungoni.

Kilichotuumiza kuliko vyote ni misiba. Kumzika mpendwa wetu mbele ya watu wachache, wengine tukitazama kwenye kioo cha simu, ni jambo ambalo hakuna chombo kilicholiponya. Tuliwapigia wafiwa kila siku, si siku ya maziko pekee, na Mchungaji ameahidi ibada ya shukrani kwa ajili ya wote waliotutoka, tutakapoweza kukusanyika wote. Meza ya Bwana nayo ilisubiri. Nafahamu wapo waliotaka tuishiriki kila mtu nyumbani kwake. Baraza halikuafikiana, na Mchungaji ataleta jambo hilo kwenye mkutano mkuu.

Shule ya Jumapili iliendelea kwa sauti zilizorekodiwa, hadithi fupi kila juma. Walimu, Mungu awabariki.

Baraza linaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura. La kwanza, orodha ya simu za kila wiki iwe huduma ya kudumu hata milango ikifunguliwa, kwa kuwa wagonjwa na wazee walikuwa wamefungiwa nyumbani kabla ya korona na watabaki humo baada yake. La pili, ibada iendelee kusikika kwa simu kwa wasioweza kufika, na gharama yake iingizwe kwenye bajeti badala ya kuachiwa mfuko wa kijana mmoja. Wenye moyo wa kujiunga na wapigaji simu wampe katibu majina yao kabla ya mkutano mkuu, pamoja na siku wanazoweza.

Wenu katika Kristo,
Mwenyekiti wa Baraza la Wazee