Wanaokwenda Interpol wachaguliwe kwa ajenda

Mhariri,

Kila Mkutano Mkuu wa Interpol, shirika la polisi la kimataifa, unapokaribia, mjadala serikalini huwa ni nani atasafiri. Ajenda husomwa baadaye, pengine ndani ya ndege.

Kifungu cha 7 cha katiba ya Interpol kinaelekeza ujumbe uwe na wakuu wa idara za polisi, maofisa ambao kazi zao za kila siku zinagusa shirika hilo, na wataalamu wa mambo yaliyo kwenye ajenda. Kundi la kwanza halikosekani. Posho zikipungua, anayekatwa ni ofisa wa ofisi ya taifa ya Interpol, yule anayeshinda kwenye I-24/7, mtandao wa mawasiliano ya polisi wa shirika hilo, na anayejua ombi lipi limekwama nchi gani. Na kura ni moja tu kwa kila nchi, hata mkienda kumi na wanane! Ada ya uanachama nayo iulizwe hazina kabla ya kukata tiketi, kwani mwenye malimbikizo anaweza kusimamishiwa hata hiyo kura moja.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye vikao vya pembeni. Mkuu anakaa na mwenzake dakika 20, anasema, "Tusaidieni kumpata mtu wetu." Mwenzake anauliza namba ya jalada. Kimya. Karatasi moja ingetosha kwa kila kesi: jina lilivyo kwenye pasi, kosa, mahakama na tarehe ya hati ya kukamatwa, namba ya notisi, na tarehe ya ujumbe wa mwisho ambao haukujibiwa.

Kama notisi nyekundu, yaani ombi kwa polisi wa nchi nyingine wamtafute na kumshikilia mtu, haijatoka, tazameni kwanza kama inastahili. Kwa mtuhumiwa, adhabu ya juu ya kosa isipungue miaka 2 jela. Kwa aliyehukumiwa, kifungo alichopewa au kilichobaki kisipungue miezi 6. Kesi ya kisiasa iacheni nyumbani, kifungu cha 3 cha katiba hiyo kinaikataa.

Lugha rasmi za shirika ni Kiarabu, Kifaransa, Kihispania na Kiingereza. Ukumbini kuna wakalimani. Kwa vikao vya pembeni nendeni na wenu. Walinzi nao wasidhani pasi ya kidiplomasia ni kibali cha bastola. Kibali hutolewa na nchi mwenyeji, na shirika la ndege liarifiwe mapema.

Orodha ya safari ijayo ianze na jina la yule ofisa wa I-24/7, kisha vyeo vifuate kadiri ya nafasi zitakazobaki.

Msomaji wako