Barua kwa mwanangu: Imani bado hajui kuleta habari nyumbani

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na kifua cha baba yako kimetulia. Habari ya mjukuu wangu Imani kuanza chekechea muhula ujao nimeipata kwa dada yako, si kwako, na hilo limeniuma kidogo, lakini tuliache. Nimekupigia mara mbili ukanijibu kwa ujumbe kwamba uko kazini. Basi nimeona niandike, maana kwenye simu tukifika kwenye jambo hili mmoja wetu hupandisha sauti, nami sitaki tugombane.

Muhula ukianza, Imani atakuwa na miaka 2 na miezi 5. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia.

Kwanza ujue sikuzuii kurudi kazini. Nafasi hiyo umeihangaikia, na kila mgeni anayeingia hapa namsimulia habari zako. Chekechea nayo siipingi. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 26, na mtoto aliyepitia chekechea nzuri nilikuwa namtambua siku ya kwanza: anajua kungoja zamu, anajua kuomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, anajua kitu kilicho mkononi mwa mwenzake hakipokonywi. Ninachouliza ni kimoja tu. Imani akifanyiwa jambo huko, atakuambiaje?

Ile siku mliyoniachia Imani mkaenda kwenye shughuli zenu, alishinda akilialia. Nilimgusa shingo, hana homa. Nikimbeba ananyamaza, nikimweka chini analia. Jioni namvua viatu nimwogeshe, kokoto likadondoka sakafuni. Chini ya kidole gumba pamekuwa pekundu, ngozi imekwanguka. Lilikuwa humo tangu asubuhi. Hakusema, kwa sababu maneno hayo hana. Ana "maji", ana "twende", ana "baba kaenda". "Kiatu kinaniumiza" hana. Na mimi bibi yake, niliyelea watatu, nilikuwa naye peke yake kutwa nzima, nisijue. Sasa mweke mahali penye wenzake kumi na watano na mlezi mmoja.

Dada yako amenieleza hoja zako. Kwamba Ufaransa mtoto anaanza na miaka 3 kwa sheria. Kweli, tangu mwaka 2019. Lakini hiyo ni 3, si 2 na miezi, na nchi hizo zenyewe hazikubaliani. Uingereza sheria inamdai mtoto shule akifikisha miaka 5. Ufini darasa la kwanza ni miaka 7, na mwaka 1 wa maandalizi kabla yake. Wazazi wa huko wanaofanya kazi nao hupeleka wadogo vituoni, hilo silifichi, ila huko mtoto anacheza na kulala, hakalishwi aandike. Hakuna nambari iliyoteremshwa, mwanangu. Nami nambari siing'ang'anii. Yuko mtoto wa miaka 3 anayeweza kukusimulia nani kamsukuma na nani kampokonya mdoli, na yuko wa miaka 3 na nusu ambaye bado anakuonyesha kwa kidole. Wa kwanza mpeleke. Wa pili msubiri kidogo.

Utanitajia tena ule mradi wa Perry kule Michigan, wa miaka ya 1960. Naujua, tulifundishwa semina. Watoto 123 wa familia maskini, wengine wakapelekwa chekechea, wengine wakabaki, wakafuatiliwa hadi umri wa miaka 40, na waliopelekwa walifika mbali zaidi shuleni na kukamatwa na polisi mara chache zaidi. Ni jambo kubwa, silipingi. Lakini watoto wale walianza na miaka 3 au 4. Walikaa asubuhi tu, muda wa kama saa mbili na nusu. Na kila wiki mwalimu alifunga safari mpaka nyumbani kwa mtoto, akakaa na mama yake saa moja na nusu. Unaona? Habari ilikuwa inafika nyumbani, na mleta habari alikuwa mwalimu mwenyewe. Huko unakompeleka Imani mwalimu anaongea na mzazi lini? Siku ya kudai ada?

Na hiyo ya kushinda mpaka jioni sijaielewa. Uingereza walipofuatilia watoto wapatao 3,000, kuanzia mwaka 1997, waliona anayeshinda chekechea kutwa hakumzidi kwa kujifunza yule anayekaa nusu siku. Basi hata ukishikilia kumpeleka, mpeleke asubuhi tu. Imani bado analala mchana, na usingizi huo bado anauhitaji.

Nimesikia pia kwamba wameshawaambia mnunue penseli na daftari la herufi. Miaka 2! Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa yote ni gegedu, kitu laini ambacho bado si mfupa, halafu inakuwa mifupa kamili mmoja mmoja, na wa mwisho huanza kuwa mgumu akiwa na miaka 8 au zaidi. Imani akishika penseli ataishika kwa ngumi nzima, na asipoweza kufuata mstari sio ukaidi wala uzembe. Hilo mimi nimelijua kwa kuchelewa, rula ikiwa imeshapita kwenye vidole vya wengi. Mpe udongo aufinyange, mpe vifungo avipange, mwache amimine maji toka kopo hili kwenda lile. Penseli itamkuta.

Ya mdogo wako unayajua, sirudii. Ila kuna moja hulijui. Unakumbuka tu kwamba alirudia kukojoa kitandani, na zile asubuhi za kuanika godoro, na kelele zangu, na siku ambazo hazikuishia kwenye kelele. Nilisema anadeka. Alipofika darasa la tatu, siku moja nakunja nguo, akaniambia, kama anayesimulia ya mtu mwingine, kwamba kule chekechea waliokuwa wakilia walifungiwa stoo ya mikeka mpaka wanyamaze. Niliendelea kukunja nguo. Alikaa pale tangu miaka 2 na nusu mpaka 4, na kila jioni nilikuwa namuuliza, "Leo umesoma nini?" Anasema "a". Nafurahi.

Kwa hiyo nikikuuliza Imani atakuambiaje, usidhani ni uzee.

Kama mmeshaamua, basi nenda ukapaone. Usiende asubuhi wakati wa kupokelewa, nenda karibu na mchana, watoto wameshachoka na walezi wameshachoka, na usitoe taarifa. Simama nje kidogo usikilize kabla hujabisha. Mlezi akisema na mtoto, anachuchumaa au anapaza sauti toka mlangoni? Mtoto akichafua nguo anabadilishwa na nani, na wapi? Hesabu walezi, halafu hesabu watoto. Uingereza sheria inataka mlezi 1 kwa watoto 5 wa miaka 2. Mpaka mwaka 2023 ilikuwa 1 kwa 4, na wazazi wengi huko walilalamika ilipolegezwa. Wakikuambia mzazi mwisho wake getini, mshike mtoto mkono mrudi nyumbani.

Asubuhi usimtoroke. Najua ni rahisi zaidi, anageuka kutazama kitu nawe unapotea. Muage, mwambie nani atamfuata na baada ya nini, "baada ya kulala, mama anakuja", na uje kweli. Atalia. Alie akijua umekwenda wapi.

Na majina ya mwili wake mfundishe yote, hata yale unayoyaonea haya, kwa jina lake hasa. Jioni usimuulize siku ilikuwaje, mtoto mdogo hana jibu la swali hilo. Muulize nani kamvalisha viatu. Muulize nani alilia leo. Ukimvua nguo umtazame.

Sasa najua utasema, mama, nilikuomba ukae naye, ukasema miguu. Nilisema. Miguu inauma kweli, muulize baba yako. Lakini siku ile miguu nilisingizia zaidi. Nilikuwa nimechoka kulea, nikaona aibu kukutamkia hivyo wakati umesimama na mtoto begani. Tangu dada yako aniletee habari hii usingizi wangu umekuwa wa kipande kipande, na nimeona afadhali nichoke.

Ninachoomba ni miezi 7, mpaka afikishe 3. Niko tayari kuja kukaa kwenu. Wewe nenda kazini, jioni ukirudi nitakupa mtoto pamoja na habari zake zote, kuanzia alichokataa kula. Nitakuwa naongea naye kutwa nzima, kazi hiyo naiweza, na akimaliza hiyo miezi 7 atakuwa anawasemea hata majirani. Hapo mpeleke, nami nitamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni.

Mkwe wangu mwambie sitaingilia mambo yenu. Nahitaji kitanda tu, na ile taa ya barazani itengenezwe, usiku sioni ngazi.

Huku fundi anakuja Jumamosi kuziba bati. Bado linavuja palepale juu ya kochi, na siwezi kuondoka ndoo ikiwa katikati ya sebule, baba yako ataigonga usiku. Dawa zake nimeshampangia kwenye kisanduku cha siku saba, na dada yako amekubali kupita kila Jumapili kukijaza. Mashine ya kushona nitaiacha, ila kama Imani amepungukiwa nguo za kulalia niambie mapema, kitambaa kipo. Sanduku nimelishusha juu ya kabati. Zipu imeharibika, nitalifunga kamba.

Baba yako anakusalimu. Anasema niandike kwamba yeye hana maoni, lakini ndiye aliyenipa bahasha.

Nijibu kabla hujalipa ada, mwanangu, si baada.

Mama yako