Majina ya waliobeba mawe ya makanisa yetu yaandikwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu makanisa yetu ya zamani na watu walioyajenga.

Kazi yangu ni kusambaza mbegu za mahindi na mboga kwenye maduka ya pembejeo, na kwa sababu hiyo Jumapili nyingi hunikuta mbali na usharika wangu wa Morogoro. Nimejiwekea desturi ya kusali popote ninapolala, liwe kanisa la Kilutheri, la Kianglikana au la Kikatoliki, na baada ya ibada huwauliza wenyeji ni nani waliolijenga. Majibu hayatofautiani sana. Huonyeshwa jiwe la msingi lenye jina la askofu na tarehe, basi.

Mwishoni mwa masika nilisali katika usharika mmoja wa kijijini mkoani Njombe, asubuhi yenye ukungu mzito kiasi kwamba kengele tuliisikia kabla hatujaliona kanisa. Wageni tulisimamishwa, tukataja majina na tunakotoka, tukapigiwa makofi. Ibada ilipokwisha tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Wanaoijua desturi hii wanafahamu kwamba mgeni haachwi aondoke mikono mitupu. Jogoo alinishinda bei, nikaangukia debe la viazi, na bibi aliyelitoa akanifuata kunionya nisiviache juani garini, vitageuka kijani.

Nikamwamkia, nikamwuliza swali langu. "Mawe haya tumeyabeba sisi, mwanangu," akajibu, akaugonga ukuta kwa kiganja. Alinieleza kwamba walipokuwa wasichana wa mafundisho ya kipaimara hawakuingia darasani kabla ya kuteremka mtoni na kupanda na jiwe kichwani, kila mmoja kadiri ya shingo yake, na kwamba mwashi aliyeyapanga alitoka kijiji cha pili na kulipwa unga na maharage. Akanitajia majina kumi na moja, akianza na la mwashi. Mengine mawili alisema yamemponyoka, na nilimwona akiyatafuta hata tulipokuwa tunaagana.

Nilikwenda ofisini kuulizia. Karani, kijana mpole, aliniambia kwamba kumbukumbu za miaka hiyo ziliwekwa kwenye sanduku la bati sakafuni, mchwa wakaingilia chini, vikasalimika vitabu viwili. Kimoja kimo kabatini, pembe zimeliwa. Cha pili nilikiona mwenyewe kanisani, kimewekwa chini ya mguu wa meza ya kinanda ili isiyumbe. Nilipoinama nikasoma ubavuni neno "Ubatizo". Simlaumu kijana yule, kwani alikikuta hapo hapo. Lakini cheti cha ubatizo ni kielelezo kinachowasaidia wengi wanapoomba cheti cha kuzaliwa wakiwa watu wazima, na cheti kilichopotea hakiwezi kuandikwa upya ikiwa kitabu kimegeuzwa kabari.

Nisieleweke kwamba hili ni tatizo la vijijini. Pale Mkunazini, Unguja, kwenye kanisa kuu lililoanza kujengwa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, waongoza watalii hawaachi kutuonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, na husimulia kwamba mafundi walifanya hivyo Askofu Edward Steere akiwa hayupo. Askofu tunamjua kwa jina. Mafundi tunawajua kwa kosa lao. Bagamoyo nako, katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa 1868, upo mnara ulikolazwa mwili wa David Livingstone Februari 1874, baada ya kubebwa kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Waliofanya safari ile walikuwa makumi, nasi tumezoea kuwataja Chuma na Susi tu. Mwenzao Jacob Wainwright, aliyekuwa mtumwa kabla ya kukombolewa, kisha akasomeshwa na wamisionari, ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti walipouzika moyo wa marehemu, na aliweka shajara ya safari. Kwa kuwa aliandika, jina lake limepona. Wenzake wengi walibeba mzigo ule ule.

Najua nitajibiwa kwamba sadaka hutolewa kwa siri, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Ningelikubali jibu hilo kama na jina la askofu lisingechongwa. Isitoshe, Nehemia katika sura ya tatu anawataja waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, lango kwa lango na kipande kwa kipande, na hakumsahau Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake.

Ninachoomba si ukumbusho wa marumaru. Wazee wa kanisa katika kila usharika, na wenzetu wa parokia na vigango, wamteue mtu mmoja mwenye daftari na mwandiko unaosomeka, aketi na wazee baada ya ibada wakati mnada ukiendelea, aandike nani alibeba mawe, nani alipasua mbao, nani aliwapikia mafundi. Nakala ya pili ihifadhiwe dayosisini. Kupiga picha kwa simu ni vizuri, ila simu zetu huibwa na picha zake. Na wewe Mhariri, ukitenga robo ukurasa kila Jumapili kwa orodha hizo, nina hakika hutakosa barua.

Yale majina kumi na moja niliyaandika kwa nakala mbili, moja nikaituma kwa karani yule. Hajajibu bado. Mwezi ujao nina mzigo wa mbegu wa kupeleka Njombe, nami nimekwisha kumwomba seremala wa jirani anikatie kipande cha mbao cha unene wa kitabu, cha kuweka chini ya ile meza ya kinanda.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro