Wembe mmoja wa mshazari kwa wenye ndevu ngumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie suala la vipele vya ndevu, ambalo ukurasa wa afya wa gazeti lako uliligusa hivi karibuni kwa kuwashauri wanaume wenye tatizo hilo waachane kabisa na wembe na wabaki na mashine ya umeme ya kinyozi. Ushauri huo ni salama, na kwa mtu ambaye kidevu chake kimekwisha kujaa makovu yaliyovimba ndio wa kwanza kuufuata. Lakini tupo wengi ambao kazi zetu zinadai uso ulionyolewa vizuri kila asubuhi, na makala ile ilivitia vinyoleo vyote katika kapu moja ilhali havifanyi kazi kwa namna moja.

Udevu wetu huota katika kitundu kilichopinda, nao hutoka ukiwa tayari umeanza kujikunja. Ukikatwa ukabaki na ncha kali, hujipinda ukaichoma ngozi kwa nje. Ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha hutoboa ukuta wa kitundu kabla hata haijachungulia. Kwa vyovyote vile mwili huupokea kama mwiba, na kipele huibuka. Sasa vile vinyoleo vya nyembe mbili ambavyo kampuni ya Gillette ilivitoa mwaka 1971, na vya nyembe tatu vilivyofuata mwaka 1998, vinafanya kazi kwa namna ambayo wembe wa kwanza huuvuta udevu juu na ule wa nyuma huukata kabla haujarudi mahali pake. Kwa mwenye nywele zilizonyooka hiyo ni sifa. Kwetu sisi ndiyo chanzo cha taabu, kwa sababu udevu uliokatwa ukiwa umevutwa hunywea chini ya ngozi na huko huanza kutafuta njia ya kutokea.

Kinyoleo cha chuma kinachofungwa wembe mmoja wenye makali pande mbili, ambacho King Camp Gillette alianza kukiuza Marekani mwaka 1903, hakina mvuto huo wa mara mbili. Kuna aina yake moja ambayo ni wachache wanaoijua hapa kwetu, nayo ni ile yenye kichwa cha mshazari. Mfano wake ni kile kiitwacho 37C cha kampuni ya Merkur, kinachotengenezwa Solingen, Ujerumani. Anayekitazama kwa mara ya kwanza hudhani kilidondoka kikapinda, maana wembe umelala upande na umesokotwa kidogo kati ya kifuniko na kitako chake, hata ukikigeuza utaona makali yamejitokeza zaidi pembe moja kuliko nyingine. Ndivyo kilivyokusudiwa. Mkono unapokivuta moja kwa moja kushuka chini, makali hukutana na udevu kwa mshazari na kuukata huku yakiteleza, kama kisu kinavyopita kwenye nyanya iliyoiva kikivutwa, wakati kikikandamizwa tu huiponda. Msokoto ule nao huukaza wembe, ambao unene wake ni kama milimita 0.1 tu, usiyumbe unapokutana na ndevu nzito.

Nimekijaribu katika ndevu zangu, ambazo ni nene na ngumu, hasa chini ya taya ambako hulala kuelekea sikioni badala ya kushuka shingoni. Hapo ndipo vinyoleo vingine vilikuwa vikikwama na kunilazimu kupitisha tena na tena, nami naamini kule kurudiarudia ndiko kulikokuwa kukiiwasha ngozi. Kichwa cha mshazari kilipita pale bila kukwama. Shingo yangu, ambayo ilikuwa haikosi vipele, imetulia, ingawa siwezi kudai kwamba kila ngozi itapokea vivyo hivyo.

Anayetaka kukijaribu azingatie kwamba kinakata kwa wepesi kuliko kinavyoonekana, kwa hiyo mkono usikandamize kamwe. Uzito wa chuma chenyewe unatosha. Aloweshe ndevu kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu zilainike, apake povu zito la sabuni ya kunyolea kwa brashi, kisha aulaze wembe nyuzi 30 hivi kutoka usoni na kufuata mwelekeo ambao ndevu zinaota, bila kuivuta ngozi kwa vidole. Kunyoa kinyume na mwelekeo huo, jambo ambalo wengi hulipenda kwa sababu huacha uso laini, ndiko kunakouzamisha udevu tena chini ya ngozi. Uso utabaki na mparuzo mdogo ukiupapasa, na mparuzo huo ndio kinga yenyewe.

Bei ya kinyoleo chenyewe si ndogo, na mara nyingi hulazimu kukiagiza nje, lakini kikishanunuliwa kinadumu miaka, na nyembe zake ni zile zile zinazouzwa kwa pakiti katika duka lolote la mtaani. Wembe uwe wa mtu mmoja, usiazimwe hata kwa ndugu, kwa kuwa damu kidogo tu inatosha kuambukiza homa ya ini aina ya B; na ukishaisha makali utiwe katika kopo la bati lenye mfuniko, usije ukamkata mzoa taka.

Ninachoomba kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa afya utakaporejea suala hili, umwalike daktari wa ngozi aeleze tofauti kati ya kunyoa kwa nyembe nyingi na kunyoa kwa wembe mmoja, ili mwanamume asiyeweza kufuga ndevu naye apate mahali pa kuanzia.

Msomaji wako,
Tanga