Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Kidato cha nne asome mkataba kabla hajausaini

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kata mkoani Morogoro. Ninaomba wanafunzi wetu wafundishwe kusoma karatasi za kisheria ambazo kesho zitawafikia mikononi, na wapimwe kwa karatasi hizohizo kwenye mtihani.

Utasema jambo hilo lipo. Lipo, kwa namna yake. Kwenye Kiswahili tunafundisha rejesta, yaani lugha ya mahali au shughuli fulani, na ya mahakamani haikosekani. Mwanafunzi anapewa mazungumzo yenye "Mheshimiwa Hakimu" na "mshtakiwa", anaulizwa yamefanyika wapi, anajibu mahakamani, anapata alama zake. Basi. Mdaiwa akipokea wito afanye nini, asiporidhika na hukumu aende wapi na kwa muda gani, hayo hayaulizwi. Mihimili ya dola wameikariri kwa Kiingereza kwenye Uraia. Huku Bunge, mwaka 2021, liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama ya Mwanzo, ambako wengi wao watafika kama watafika popote, ilikuwa ikisikiliza mashauri kwa Kiswahili tangu zamani.

Muhula uliopita nilipeleka darasani mkataba wa mkopo, ile tunayoiita kausha damu, majina nikiwa nimeyafuta. Ukurasa mmoja tu. Kifungu kimoja kinasema mkopaji "ameridhia kwa hiari yake" kwamba akichelewesha rejesho moja, mkopeshaji atachukua kitanda, friji na televisheni bila taarifa nyingine. Kingine kinataja riba ya kila wiki, lakini pa kuandika kiasi pameachwa wazi, vidoto tu. Nikauliza: akishindwa kulipa itakuwaje? Karibu darasa zima likajibu, "Anapelekwa polisi, anafungwa." Binti mmoja alikuwa bado ameinamia karatasi. Akauliza, "Mwalimu, hapa kwenye vidoto ataandika nani, na lini?"

Kipindi kiliishia kwenye swali hilo, na kinachofuata pia. Kutokana nalo tulifika kwenye mambo ambayo kitabu kingeyamaliza kwa fasili tatu kavu: makubaliano ni nini, hiari ni nini, sahihi inamfunga mtu kwa lipi. Tukaona kwamba deni peke yake ni shauri la madai, si kosa la jinai. Anayedai anafungua shauri, anathibitisha, anapata hukumu, ndipo anaomba ikazwe, yaani itekelezwe. (Kifungo cha madai kipo, lakini njia yake ni mahakamani, si kaunta ya kituo cha polisi.) Wapo wazazi wao wanaowakimbia wakopeshaji usiku kwa kuogopa pingu.

Upande wa jinai ni hivyohivyo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Kijana anayeielewa ibara hiyo kwa lugha anayoiota ataisoma kwa jicho jingine habari ya mtuhumiwa kupigwa na "wananchi wenye hasira kali", maneno ambayo magazeti yetu yameyazoea mno.

Na wasichana wana la kwao. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 viliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vinapingana na Katiba, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Shauri hilo moja linaonyesha Bunge linafanya nini, mahakama inafanya nini, rufaa inakwendaje, na kwa nini Katiba iko juu ya sheria nyingine. Sijui mchoro wa mihimili unaoweza kushindana nalo.

Siombi somo jipya, ratiba imeshajaa. Mada ya rejesta ipanuliwe, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo tayari ni la Kiswahili, lipokee mashauri mawili matatu ya kweli. Baraza la Mitihani liweke ukurasa wa mkataba au hati ya wito na maswali ya ufahamu chini yake. Lisipotahiniwa halitafundishwa, hilo unalijua kuliko mimi. Walimu wenzangu wanaosema "sisi si mawakili" wasaidiwe na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Na wanafunzi wapelekwe wakakae kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo asubuhi moja, kwa mashauri yanayosikilizwa hadharani. Kibali tu ndicho kinachotukwamisha: mkuu wa shule anaogopa kuulizwa nani kamtuma.

Waraka mmoja kutoka ofisini kwako ungeliondoa hilo kabla muhula ujao haujaanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kiswahili, Morogoro

Nakala: Waziri wa Katiba na Sheria