Kwa mdogo wangu, juu ya uso wa Nyanya ulio mkononi mwako

Mdogo wangu,

Nimeyasoma maandishi uliyoyaweka mtandaoni pamoja na picha ya mkono wako wa kushoto, ulipochorwa tatuu ya chale za usoni mwa marehemu Nyanya yetu, na nimeyasoma mpaka mwisho, ingawa nilipofika katikati nilitamani kuizima simu. Umeandika vizuri. Tangu utotoni ulitushinda sote kwa ulimi, na Nyanya alikuwa akisema kwamba wewe ungeweza kumwuzia mvuvi samaki. Nimeona pia watu walivyokupongeza, wengine wakikuambia kwamba nao watachorwa majina ya mama zao na tarehe walizozaliwa watoto wao, na siwalaumu, maana mtu aliyefiwa hutafuta pa kuuweka msiba wake. Lakini kwa kuwa umeyasema hadharani, nami nakujibu hadharani, kwa sababu nikikupigia simu hupokei, na kila ujumbe ninaoupitisha kwa shangazi hunirudia na salamu tupu.

Sina ugomvi na tatuu. Nataka hilo lieleweke kwanza, kwa maana umeandika kwamba familia ilikukataa, na msomaji asiyetujua atadhani sote tulisimama upande mmoja na wewe peke yako upande wa pili. Aliyefungua Biblia siku ya pili ya matanga na kukusomea Walawi 19, mstari wa 28, ule unaokataza watu kuchanja chale kwa ajili ya wafu na kuandika alama miilini mwao, alikuwa Mjomba, wala hakuwa ametumwa na mtu. Ulipotoka kwa hasira hukusikia nilichomwambia. Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alinyonya akiutazama uso uliochanjwa kutoka paji la uso hadi kidevuni, na kwamba hakuna siku aliyouonea haya mbele ya Mungu. Alinyamaza. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele walinisikia, nao wapo hai, unaweza kuwauliza.

Ninalotaka kukuambia ni jingine, nalo linahusu mambo mawili uliyoyaandika ambayo si kweli.

La kwanza ni pale uliposema kwamba Nyanya alichagua alama zake ili kueleza nafsi yake, kama wewe ulivyochagua zako. Mdogo wangu, sisi wawili tulilala kwenye mkeka mmoja tukisimuliwa habari hiyo, na sielewi imekutokaje kichwani. Nyanya alichanjwa kwao Mueda, kwenye uwanda wa juu wa kaskazini mwa Msumbiji, angali msichana mdogo. Nembo hizo, ambazo Wamakonde huziita dinembo, zilikatwa na fundi kwa kisu kidogo cha chuma kilichofuliwa kwa kazi hiyo tu, na baada ya kukata alipaka mkaa wa mbegu za mbarika ndani ya majeraha, ngozi ikafunga juu yake na kuacha buluu iliyokolea ambayo haikutoka tena. Kikao kimoja hakikutosha. Majeraha yaliachwa yapone, kisha fundi akarudi kukata palepale mara ya pili na mara ya tatu, mpaka mistari ionekane kwa mbali. Nyanya hakuulizwa kama anataka. Alishikwa mabega na shangazi zake wawili, na alipolia aliambiwa kwamba msichana asiye na nembo atahesabiwa mtoto mpaka azeeke. Baadaye alizipenda, hilo sikatai, na sote tulimwona akijipaka mafuta mashavuni jioni kwa utaratibu ambao hakuutumia kwa kitu kingine chochote. Hata hivyo mapenzi hayo yalikuja baada ya maumivu, wala yeye hakuwahi kuyatanguliza katika masimulizi.

Kisha ukaja ule mwaka. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda mbele ya ofisi ya utawala, na haukupita muda mrefu baba yake akakusanya watoto, wakavuka mto Ruvuma, wakapitia Tanganyika mpaka mashamba ya mkonge ya Kwale, pwani ya Kenya, ambako Wamakonde wengine walikuwa wakifanya kazi tangu miaka ya 1930. Fundi alibaki nyuma. Shavu la kushoto la Nyanya lilikuwa limekwisha kurudiwa mara tatu, na la kulia mara mbili tu, ndiyo maana mistari ya kulia ilikuwa hafifu na mmoja wake, ule wa chini karibu na taya, uliishia njiani. Huko walikotoka desturi yenyewe ilikuwa inaelekea kukoma, kwani FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ambacho kilianza vita dhidi ya Wareno mwaka 1964, kilitaka watu wajitambue kwa taifa na si kwa kabila. Hapakuwa tena na wa kuumalizia mstari ule, na Nyanya aliishi nao hivyo hivyo.

Nakuomba sasa uutazame mkono wako. Umechorwa mistari ya pembe zilizopangana, kushoto na kulia, yote imekolea sawasawa, na mstari wa chini wa upande wa kulia umefika mwisho wake. Mchoraji wako alikuwa na picha moja tu, ile uliyompiga Nyanya amelala barazani bila yeye kujua, na katika picha hiyo shavu la kulia limelalia mto. Kwa hiyo alichukua la kushoto, akaligeuza, akalikamilisha. Ninaamini alifanya kazi yake kwa bidii, na mistari imenyooka kweli. Ila uso huo si wa Nyanya. Wachongaji wetu wa mapiko, vile vinyago vinavyovaliwa ngomani, walipotaka kuonyesha nembo za mtu fulani walibandika nta ya nyuki kwenye mti laini, mstari baada ya mstari, na walikuwa wanamjua mtu huyo. Wewe ulimjua kuliko wachongaji wote, umelelewa mapajani mwake, na ukamwachia mtu asiyemjua amsahihishe.

Ninajua utaniambia kwamba mstari mmoja si kitu. Kwangu mimi mstari huo ndio habari yote ya jinsi tulivyofika hapa.

La pili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Umesema kwamba wiki chache kabla ya kufariki Nyanya aliigusa tatuu yako, akalia kwa furaha na kuibariki. Nilikuwemo chumbani, mdogo wangu. Ulikuwa umefika alasiri kutoka Nairobi, hukuvua hata viatu, ukapiga magoti kando ya kitanda na kupandisha mkono wa shati. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, hakuona kitu ila mwanga wa dirisha, basi ukaushika mkono wake na kuuweka juu ya mkono wako. Alipapasa. Kidole chake cha shahada kilipanda kutoka kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko, polepole, kikarudi chini, kikapanda tena kwa upande wa ndani, kikasimama mahali palipokuwa na kovu lako la utotoni, lile la kuungua na uji, akalitambua na kutabasamu, kisha akaendelea kutafuta. Wino wa sindano ukishapona hauachi tuta kwenye ngozi. Mkono wako ulikuwa laini, na yeye alikuwa akitafuta chale kwa kidole kilichozizoea kwa zaidi ya miaka 60. Akauliza, "Mbona hapana kitu?" Wewe ukasema, "Ipo, Nyanya, ni ileile yako." Akaushika mkono wako akauinua mpaka shavuni pake, akavitembeza vidole vyako juu ya mistari, na kusema, "Ya kwangu hii hapa." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, nawe pia.

Wewe unayaita machozi hayo baraka. Mimi sikuyaelewa hivyo siku ile wala siyaelewi hivyo leo. Nilimwona akiwa amehangaika kama mtu aliyeambiwa mgeni amefika akaenda mlangoni asimkute, na usiku ule, ulipokuwa umelala, aliniuliza mara kadhaa kama kweli umechanjwa au ulikuwa unamtania, na kama ulichanjwa, nani alikushika. Hilo la kukushika lilimsumbua. Nilimjibu kwamba siku hizi mtu hukaa kwenye kiti peke yake, akalipa, akaondoka. Alitikisa kichwa, akageukia ukutani.

Huenda utasema kwamba nimekuficha jambo hilo muda wote huu ili nije kukuumiza nalo. Sivyo. Nilikaa kimya kwa sababu ulikuwa umechoka na safari, kisha msiba ukatufikia, na msibani mtu haongezi kuni. Nilipokuambia siku ya maziko uvae nguo ya mikono mirefu, sikuwa nakuonea aibu, kama ulivyoandika. Nilikuwa nawajua ndugu zetu wa Makongeni, huko Kwale, nilijua watakuzunguka na maswali kabla jeneza halijatoka ndani, na nilitaka siku ile iwe ya Nyanya. Ningekuambia vilevile hata leo.

Kuna jambo ambalo wewe, uliyeondoka mapema, hukuliona kwa karibu kama nilivyoliona mimi. Uso ule ulitugharimu. Nyanya hakuwa na kitambulisho kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, huwezi kufungua akaunti ya benki, na ukisimamishwa na polisi njiani huna la kuonyesha. Wengine wasio na kitambulisho waliweza kujificha katikati ya abiria, lakini yeye aliteremshwa kwenye matatu kwa kuangaliwa tu, kwa sababu shavu lake lilitangaza kwamba wazazi wake hawakuzaliwa Kenya. Ndiyo maana alipokwenda sokoni Ukunda alivuta leso mpaka chini ya macho, hata jua likiwa kali. Oktoba 2016, Wamakonde wa Kwale walipofunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, yeye hakuwa na nguvu za kwenda, lakini alikesha akisikiliza redio, na kitambulisho kilipopatikana, tukawa kabila la 43 la nchi hii, afisa alimwambia ashushe leso apigwe picha. Nilimsindikiza mimi. Aliishusha, akaikunja, akanipa niishike, akaitazama kamera.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba tatuu yako ni njia ya kujivunia asili yetu, moyo wangu unagawanyika. Najivunia kwamba umejivunia. Nilipokuwa shuleni nilipigana na wasichana waliomwita Nyanya majina, na ningefurahi sana wakati ule kama mtu mmoja tu angetembea barabarani na pembe zile mkononi akisema ni uzuri. Umefanya hivyo, tena mbele ya maelfu. Lakini unaweza kuishusha shati yako unapokwenda kutafuta kazi, nawe umeandika mwenyewe kwamba hushusha. Usiuweke mkono wako na shavu lake katika sentensi moja kana kwamba vimebeba mzigo mmoja.

Umesema kwamba unafikiria kuchorwa tena, safari hii kidevuni. Siwezi kukukataza, wewe ni mtu mzima, na mwili ni wako. Nakushauri tu kwamba kabla hujakaa kwenye kiti hicho uende Makongeni kwa wale akina nyanya wachache waliobaki na nembo, ukae nao mchana mzima, uwaulize kila mmoja mistari yake ilikatwa wapi, na nani, na ilikuwa inamwambia nini mtu aliyewaona kwa mara ya kwanza. Wanapenda kuulizwa. Mimi huwaendea ninapopata nafasi, na nimeandika kwenye daftari yale waliyonieleza, kwa sababu, ingawa umewaambia wasomaji wako kwamba sisi tuliobaki nyumbani hatukuhifadhi chochote cha Nyanya, mimi ndiye niliyemwogesha, niliyempaka yale mafuta mashavuni alipokuwa hawezi kuinua mkono, na mistari yake naijua kwa ncha za vidole, ule wa taya na wote waliotangulia. Sina alama yoyote mwilini na sijaihitaji. Sitaki mtu aseme kwamba nilimpenda kidogo kwa kuwa ngozi yangu ni tupu.

Nakuomba uiondoe ile sentensi ya baraka. Mengine yaache, hata lile la Mjomba, ijapokuwa limemuumiza. Andika kwamba alipapasa akauliza mbona hapana kitu, kwa sababu hayo ndiyo maneno yake, na yeye hakuacha maneno mengi.

Kitambulisho chenyewe tulikirudisha serikalini tulipoandikisha kifo, lakini kabla ya hapo nilikitoa nakala, na mashavu yote mawili yanaonekana. Mchoraji akitaka kuurekebisha mstari wa kulia, picha ya kufuata ni hiyo. Ipo kwangu, ndani ya daftari. Siitumi kwa simu, njoo uichukue.

Dada yako.